Mlango wa Wachezaji Usiwe Mlango Wako

Swali: Nimekodi mashine ya Linux mtandaoni, na ndani yake naendesha seva ya Minecraft toleo la Java. Tulianza watu 6 tunaojuana, leo tumefika kama 40 na wengine siwafahamu kabisa. Kila kitu nakifanya nikiwa root, yule mtumiaji wa Linux mwenye mamlaka yote. Nilizima `online-mode` ili marafiki wawili ambao hawajanunua mchezo waweze kuingia. Juzi nilifungua logi nikakuta mtu ameingia kwa jina langu saa tisa usiku, mimi nikiwa nimelala. Nadhani hakuharibu kitu. Mwenzangu anasema nibadilishe porti yaishe. Je, inatosha? Kama haitoshi, mtu asiye mtaalamu wa usalama aanzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, haitoshi. Kabla hatujafika kwenye porti, naomba uizime seva sasa hivi, kisha uendelee kusoma ikiwa imezimwa. Hilo neno "nadhani" ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu.

Tuanze na kilichotokea. `online-mode` ikiwa imewashwa, kila mtu anapobisha hodi seva yako huuliza kwanza mitambo ya Microsoft kama kweli huyo ndiye mwenye jina hilo. Ukiizima, hakuna anayeulizwa tena, na seva hukubali jina lolote inalotajiwa. Ubaya hauishii hapo. Ndani kwa ndani seva huwatambua watu kwa namba ndefu iitwayo UUID, na faili la `ops.json`, lenye orodha ya wenye mamlaka, huhifadhi UUID hizo. `online-mode` ikiwa imezimwa, UUID hukokotolewa kutokana na jina lenyewe, kwa hiyo jina lilelile huzaa namba ileile kwenye kompyuta yoyote. Mgeni wako aliandika jina lako, seva ikakokotoa UUID yako, ikaikuta kwenye `ops.json`, ikamkabidhi uwezo wako wote. Kwa mipangilio ya kawaida uwezo huo ni ngazi ya 4, ya juu kabisa: kuzima seva, kumfungia yeyote, na kumpa mtu mwingine op, yaani mamlaka hayohayo. Jina lako nalo halikumpa taabu kulijua, kwa sababu seva huonyesha majina ya waliomo hata kwa mtu ambaye hajaingia.

Whitelist, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kuingia, nayo haikusaidii katika hali hiyo. Anayeweza kujiita wewe anaweza kujiita yeyote aliyemo kwenye orodha.

Kwa hiyo fungua `ops.json` na usome kila jina. Kisha nenda kwenye folda ya `logs`. Za siku zilizopita zimebanwa kwa gzip, na `zgrep` huzisoma bila kuzifungua. Kama unatumia Paper au Spigot, zile seva zinazokubali plagini, tafuta maneno `issued server command`, yanayoandikwa kila mchezaji anapotoa amri. Soma alichokifanya yule "wewe" wa saa tisa usiku, mstari kwa mstari. Usiridhike kwa kuangalia tu kama nyumba zenu bado zimesimama.

Je, aliweza kutoka nje ya mchezo na kuishika mashine yenyewe? Mchezo mtupu, usio na plagini (programu za nyongeza), haumpi mwenye op njia ya kuendesha amri za Linux. Lakini zipo plagini zinazomruhusu mwenye op kupakia plagini nyingine, kuhariri mafaili, hata kuendesha msimbo wake mwenyewe. Na kwa kuwa seva yako inaendeshwa na root, chochote kitakachopenya kutoka ndani ya mchezo kitafika nje kikiwa na mamlaka juu ya kila faili la mashine. Kama una hata plagini moja ya namna hiyo, mimi ningeijenga mashine upya kuanzia mwanzo. Chukua folda ya `world`, acha `ops.json` ya zamani, na jar zote (mafaili ya programu za Java) zipakue upya kutoka kwa watengenezaji wake. Ndani ya `world` kagua folda ya `datapacks`, maana humo mtu anaweza kuacha amri zinazojiendesha kila seva inapowashwa. Kama umewahi kuruhusu bloku za amri, nazo zitafute. Hiyo ni kazi ya jioni moja, nawe utalala ukiwa na uhakika.

Sasa nije kwenye porti. Anwani zote za IPv4 duniani ni kama bilioni 4.3. Kwa macho yetu ni nyingi mno, lakini zipo programu za bure, kama masscan, zilizotengenezwa mahususi kuzipitia zote kwa muda mfupi, na wapo watu wanaofanya hivyo usiku na mchana wakitafuta 25565, ambayo ni porti ya kawaida ya Minecraft. Ukihamia porti nyingine, wageni wa bahati nasibu watapungua na logi yako itatulia. Mimi mwenyewe huhamisha porti ya SSH, njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali, kwa sababu hiyo, nisome logi isiyo na kelele. Ila anayekutafuta wewe atazipitia porti zako zote 65,535 huku akinywa chai, na akikukuta `online-mode` bado imezimwa ataingia vilevile.

Kinachokulinda ni kutenganisha milango miwili. Upo mlango wa wachezaji, nao ni porti moja ya mchezo, wazi kwa sababu kazi yake ni kuwa wazi. Upo pia mlango wako wewe mwenye seva: SSH, RCON, paneli ya usimamizi, hifadhidata, ramani ya kwenye kivinjari. Seva nyingi nilizoitwa kuzitazama baada ya kuharibiwa zilikuwa na shida hiyohiyo moja. Mlango wa pili ulikuwa umeachwa wazi pembeni ya ule wa kwanza, na mwenyewe hakujua kama upo.

Ukitaka kujua wa kwako, ingia kwenye mashine na uandike `ss -tulpn`. Amri hii huorodhesha kila programu inayosikiliza mtandaoni. Kwenye mashine kama yako ningetarajia kuona kitu cha namna hii:

```
tcp  LISTEN  0.0.0.0:22        sshd
tcp  LISTEN  *:25565           java
tcp  LISTEN  *:25575           java
tcp  LISTEN  *:8123            java
tcp  LISTEN  0.0.0.0:3306      mariadbd
tcp  LISTEN  127.0.0.1:6379    redis-server
```

Angalia kilicho kabla ya nukta mbili. `0.0.0.0` au `*` maana yake programu inasikiliza dunia nzima. `127.0.0.1` maana yake inasikiliza mashine hiyohiyo tu, aliye nje haioni. Sasa pitia mstari mmoja mmoja na ujiulize: mchezaji anahitaji hiki? 25565, ndiyo. 22 ni SSH, mlango wako, tutauzungumzia. 25575 ni RCON, na hapo ningeshtuka. 8123 ni ramani ya Dynmap. Kama mnaipenda iacheni, lakini mjue kwamba inamwonyesha mtu yeyote mlikojenga na nani yuko wapi. 3306 ni hifadhidata, ambayo mchezaji hana sababu yoyote duniani ya kuifikia. Ya mwisho, Redis, imekaa inavyotakiwa.

RCON ni njia ya kuiamuru seva kutoka mbali. Itifaki yake ilitoka kwa Valve, kwenye michezo ya Source, na haina usimbaji wowote: nenosiri na amri husafiri wazi, kama barua isiyo na bahasha. Nenosiri lake likijulikana, mtu hahitaji hata kuwa na mchezo. Kwenye `server.properties` weka `enable-rcon=false`. Kama ipo programu yako inayoihitaji, iwashe lakini faiwoli iifunge kwa nje, nawe uifikie kupitia SSH kwa amri hii:

`ssh -L 25575:127.0.0.1:25575 jina@seva-yako`

Hapo RCON itapita ndani ya mfereji uliosimbwa, na kwa aliye nje itakuwa kama haipo.

Hifadhidata nayo ifanye isikilize `127.0.0.1` peke yake kupitia `bind-address` kwenye mipangilio yake. Usiitegemee faiwoli peke yake kwa jambo ambalo programu yenyewe inaweza kulikataa.

Faiwoli ni nyepesi kuliko watu wanavyoiogopa. Kwenye Ubuntu au Debian ni mistari minne ya ufw, lakini mpangilio wake una maana:

```
ufw default deny incoming
ufw allow 22/tcp
ufw allow 25565/tcp
ufw enable
```

Ukitanguliza `enable` kabla ya kuruhusu 22, utajifungia nje ya mashine yako mwenyewe na itabidi urudi kwa mlango wa dharura wa kampuni uliyokodi kwao. Toleo la Bedrock hutumia 19132 ya UDP, kwa hiyo usinakili namba zangu bila kuangalia mchezo wako unatumia nini. Jambo jingine limewaumiza wengi: Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya makontena. Ukiendesha kontena na kuifungulia porti, Docker huandika kanuni zake moja kwa moja chini kabisa, na porti hiyo huwa wazi hata kama ufw inakuambia imefungwa. Dawa yake ni kuandika `127.0.0.1:3306:3306` badala ya `3306:3306`. Baada ya yote, jipime kwa nje. Tumia kompyuta nyingine, endesha `nmap -p- anwani-yako`, na uamini inachokuonyesha kuliko unachokumbuka kuwa ulikiandika.

Kwenye SSH, nenosiri liondoe kabisa, uingie kwa ufunguo. Tengeneza kwenye kompyuta yako kwa `ssh-keygen -t ed25519`, uupe neno la siri lake, kisha upeleke ule wa hadharani kwenye seva kwa `ssh-copy-id`. Ukishahakikisha unaingia nao, kwenye `/etc/ssh/sshd_config` weka `PasswordAuthentication no` na `PermitRootLogin no`. Ila kabla ya hiyo ya pili hakikisha una akaunti yako ya kawaida yenye sudo (ruhusa ya kuazima mamlaka ya root inapohitajika), na dirisha lile ulilomo usilifunge mpaka umeweza kuingia kwa dirisha jipya. Kuna mtego hapa ambao nimeukuta mara nyingi. Mashine nyingi za kukodi huja na faili dogo ndani ya `/etc/ssh/sshd_config.d/` lililoandikwa `PasswordAuthentication yes`. SSH hufuata agizo inalokutana nalo kwanza, na folda hiyo kwa kawaida husomwa mwanzo. Unabadilisha faili kuu, unafurahi, kumbe nenosiri bado linakubaliwa. Uliza SSH yenyewe inachoamini:

`sshd -T | grep -i passwordauthentication`

Ikijibu `no`, iwashe upya huduma ya SSH ili ifuate mipangilio hiyo, na umemaliza. Zile boti zinazojaribu `root`, `admin`, `minecraft` na `test` maelfu ya mara kwa siku zitaendelea kugonga, na kila moja itakataliwa kabla ya kukisia chochote. Unaweza kuongeza fail2ban ili kupunguza kelele, lakini ufunguo ndio ulinzi wenyewe.

Sasa root. Kwenye Linux ni porti zilizo chini ya 1024 tu ambazo kwa kawaida huhitaji mamlaka ya root. 25565 iko juu sana ya hapo, kwa hiyo mchezo wako haukuwa na haja nayo hata siku moja. Tengeneza mtumiaji asiye na kitu, mpe folda moja, na umwachie systemd kazi ya kuwasha seva kwa jina lake:

```
[Service]
User=mchezo
WorkingDirectory=/srv/minecraft
ExecStart=/usr/bin/java -Xmx4G -jar server.jar nogui
NoNewPrivileges=true
ProtectSystem=strict
ProtectHome=true
ReadWritePaths=/srv/minecraft
Restart=on-failure
```

Mistari minne iliyo baada ya `ExecStart` inasema hivi: programu hii haitajiongezea mamlaka, haitaandika popote isipokuwa folda yake, na folda za nyumbani za watumiaji haizioni. Ukikosea kitu, seva itakataa kuwaka na `journalctl -u` itakuambia ilikwama wapi. Vumilia dakika kumi hizo.

Huenda ukaniuliza, kama milango mingine yote imefungwa, kwa nini nihangaike na mtumiaji wa mchezo? Kwa sababu hata mlango wa wachezaji wenyewe huweza kuvunjika, na umeshavunjika. Desemba 2021 dunia ilipata habari za udhaifu uliopewa namba CVE-2021-44228, maarufu kama Log4Shell, ndani ya Log4j, maktaba ya kuandika logi inayotumiwa na programu nyingi mno za Java. Minecraft ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ulipoonekana ukitumika. Mchezaji alichohitaji ni kuandika kwenye gumzo mstari unaoanza na `${jndi:ldap://`. Seva, katika kuandika tu kwenye logi kile kilichosemwa, iliusoma mstari huo kama agizo, ikaenda kwenye anwani ya mshambuliaji, ikaleta msimbo na kuuendesha. Kompyuta za wachezaji waliokuwa wakisoma gumzo hilo nazo zilikuwa hatarini. Udhaifu ulipewa alama 10 kati ya 10, na toleo 1.18.1 lilitolewa tarehe 10 Desemba 2021 kuuziba. Kwa seva iliyoendeshwa na root, sentensi moja ya gumzo ilitosha kuichukua mashine nzima. Kwa ile iliyoendeshwa na mtumiaji mnyonge, mshambuliaji aliangukia kwenye folda moja.

Ndiyo maana kusasisha ni lazima: mfumo wenyewe kwa `unattended-upgrades`, Java, seva, na plagini. Seva ya mchezo usiiache ijisasishe yenyewe, maana toleo jipya huweza kuvunja plagini au kubadilisha ulimwengu wenu bila njia ya kurudi. Ila jiwekee siku ya kuangalia kila wiki, na tangazo la dharura la usalama lisisubiri siku hiyo.

Nakuja kwenye plagini na mod, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watu wema huingiza mwizi kwa mikono yao. Plagini si kama ngozi ya mhusika. Ni programu kamili ya Java yenye uwezo wote wa seva iliyoibeba: kusoma mafaili, kufungua mtandao, kupeleka kitu popote. Juni 2023 iligundulika programu hasidi iliyopewa jina fractureiser ndani ya mod na plagini zilizokuwa zikipakuliwa kutoka CurseForge na BukkitDev, mahali ambapo kila mtu anapaamini. Ilijinakili kwenye jar nyingine zilizomo kwenye kompyuta na kuiba taarifa za kuingilia kwenye akaunti. Kwa hiyo hata chanzo kizuri si dhamana kamili, na kinga kubwa uliyonayo ni kuwa na vichache. Pitia folda yako ya plagini, na kila jar ambayo huwezi kusema inafanya nini, iondoe. Zile plagini za kulipia zinazogawiwa bure pembeni na watu usiowajua usiziguse kabisa. Kuzifungua, kuziongezea mlango wa siri na kuzigawa upya ni kazi ndogo, na wapo wanaoifanya.

Mamlaka ndani ya mchezo ni mlango wako pia, ingawa umevaa sura ya rafiki. Miaka kadhaa nyuma niliendesha seva ya watu wapatao 60. Nilikuwa na msimamizi kijana, mwaminifu, mpole kwa wageni, nikampa op kamili kwa sababu nilimpenda na nilichoka kuamshwa usiku. Barua pepe yake ikaibwa kupitia nenosiri alilokuwa amelitumia pia kwenye tovuti nyingine, na kwa barua pepe hiyo wakaichukua akaunti yake ya mchezo. Aliyeingia alikuwa na WorldEdit, plagini ya kubadilisha eneo kubwa kwa amri moja, na saa nzima ya usiku. Mimi nilikuwa safarini, nikarudi baada ya siku mbili. Nakala rudufu zilikuwepo, moja kila saa, nikitunza 24 za mwisho. Kufikia nilipofungua kompyuta, zote 24 zilikuwa nakala za shimo tupu. Kijana yule alilia kwenye simu, na kosa halikuwa lake.

Kutokana na siku ile mambo mawili sijayaacha. La kwanza, op haipewi mtu. Mimi mwenyewe natumia konsoli kupitia SSH ninapohitaji uwezo wa juu, na akaunti yangu ya kuchezea haina op. Wasimamizi hupata kupitia LuckPerms, plagini ya kugawa ruhusa, zile amri wanazozihitaji tu: kumtoa mtu, kumnyamazisha, kuangalia nani alivunja nini kwa CoreProtect na kurudisha. Na kila mmoja wao lazima awe na uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti yake ya Microsoft na kwenye barua pepe iliyofungwa nayo. Wewe ongeza na paneli ya kampuni unakokodi mashine, kwa sababu aliye na paneli hiyo anaweza kuifuta mashine yote bila kugusa SSH.

La pili ni jinsi nakala zinavyotunzwa. Ninatunza za kila siku 7, za kila wiki 4, na za kila mwezi 6, ili uharibifu wa kimyakimya usizimeze zote. Na haziko kwenye mashine ya mchezo. Mashine nyingine ndiyo inayokuja kuzichukua, na mashine ya mchezo haina ufunguo wa kwenda huko, kwa hiyo atakayeiteka hawezi kuzifuta. Kwenye mashine hiyo ya pili programu ya Restic hutunza ratiba hii vizuri, lakini hata rsync na tar zinatosha. Kabla ya kunakili, iambie seva `save-off` kisha `save-all flush`, nakili, halafu `save-on`. Ukiruka hatua hizo unaweza kunakili faili likiwa katikati ya kuandikwa, na utaligundua siku unayolihitaji. Mara moja kwa mwezi chukua nakala, iwashe kwenye kompyuta yako, tembea ndani yake.

DDoS, yaani kuizamisha seva kwa trafiki kutoka kompyuta nyingi kwa pamoja, nitaipitia haraka, kwa sababu kwa mashine moja huna mengi ya kufanya. Mafuriko ya trafiki hujaza bomba kabla hayajafika kwenye ufw yako, na kuyazuia ni kazi ya aliye juu yako. Chagua kampuni inayotoa ulinzi huo kwa trafiki ya michezo, au weka huduma ya kupitishia trafiki mbele yako na uifiche anwani halisi. Usiendeshe seva ya watu usiowajua kutoka kwenye intaneti ya nyumbani, kwani mkiwashiwa mafuriko, nyumba nzima inakatika. Na usiudharau ugomvi wa wachezaji. Mirai, programu hasidi ya kuteka kamera na ruta ambayo tarehe 21 Oktoba 2016 ilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn na kuzifanya tovuti nyingi kubwa zisifikike kwa saa kadhaa, ilitengenezwa na vijana waliokuwa kwenye biashara ya kushambulia na kulinda seva za Minecraft. Walikiri makosa yao mahakamani Marekani mwaka uliofuata. Vifaa walivyoviteka vilikuwa vimeachwa na manenosiri ya kiwandani.

Mkiongezeka zaidi huenda ukataka seva kadhaa nyuma ya Velocity au BungeeCord, programu zinazokaa mbele kuwapokea wachezaji na kuwapeleka kwenye seva hizo. Kumbuka basi kwamba seva za nyuma hulazimika kuwekwa `online-mode=false`, maana aliyekwisha kuwakagua watu ni ile ya mbele. Zikionekana mtandaoni moja kwa moja, mtu ataizunguka ile ya mbele na kuingia kwa jina lako, kama juzi. Zifunge kwa `127.0.0.1` au mtandao wa ndani, na utumie ile njia ya Velocity ya kupitisha taarifa za wachezaji yenye siri ya pamoja.

Tumalizie na marafiki zako wawili, kwa kuwa `online-mode` lazima iwashwe na wao watabaki nje mpaka wanunue mchezo. Waambie ukweli kuhusu yule mgeni wa saa tisa, nadhani wataelewa. Zipo plagini kama AuthMe zinazomtaka kila mtu nenosiri akiingia bila akaunti halali, lakini kwa watu 40 unaoweza kuwaorodhesha sioni sababu ya kujitwisha utunzaji wa manenosiri yao. Washa `online-mode`, washa whitelist pamoja na `enforce-whitelist=true`, na uongeze mtu mmoja mmoja unayemjua au aliyedhaminiwa na unayemjua.

Siku utakapowasha `online-mode`, kila mtu ataingia akiwa na mikono mitupu, hana kitu kwenye mkoba, na simu zitaanza kuita. Usiogope, na usiizime tena. UUID za watu zimebadilika kutoka zile zilizokokotolewa kwa jina kwenda zile halisi, na vitu vyao bado viko ndani ya `world/playerdata` kwenye mafaili yenye UUID za zamani. Nakili kwanza folda nzima ya `world`. Angalia `usercache.json` ya zamani upate namba ya kila jina kabla ya mabadiliko, mruhusu mtu aingie mara moja ili upate mpya, mtoe, zima seva, kisha lipe faili lake la zamani jina la UUID mpya. Fanya hivyo pia kwa `stats` na `advancements`. Wanyama waliofugwa nao hufuata UUID, kwa hiyo mbwa wengine watawasahau wenyewe na itabidi wapatiwe wapya. Anza na akaunti yako, uone mkoba wako umerudi, ndipo uwafuate wengine.